Fungo na Sababu za Kanga

Niwashe?
— Washa.
Niwashe nini?
— Maneno, tuote.
Basi sogeeni, tena msinikatize.

Hapo kale, wanyama walipokuwa hawajaanza kukimbiana, palikuwa na Fungo. Mnyama mdogo, madoadoa mwilini, na harufu yake kali ilimtangulia kila aendako. Aliishi peke yake, na upweke ukamchosha.

Wenzake walikuwa na ngoma yao kila alasiri, na manju wao, kiongozi wa nyimbo, alikuwa ndege Kanga. Fungo akaenda.
“Hodi jamani. Naomba kuingia.”
“Hapa kila mtu huingia na shairi lake, dada Fungo,” akasema Kanga.

Fungo akarudi kwake, akatunga, akaja akaimba:

*Nimefika mlangoni,*
*naomba pa kuketia,*
*nami nina wimbo ndani,*
*wa kucheka na kulia.*

Wakalipokea, wakaliimba mpaka vumbi likatimka.
“Je, niingie?”
“Shairi zuri, dada, ila fupi. Kaa kule, upepo unakoelekea.”

Akakaa kule. Kesho yake akaleta refu. Wakalipokea, wakaliimba, wengine wakatoa machozi.
“Je, niingie?”
“Zuri sana, dada, ila sauti yako nzito. Kaa kule.”

Akakaa kule. Mara ya tatu akaleta jingine, tamu kuliko yote. Wakalipokea, wakaliimba.
“Je, niingie?”
“Leo tuna wageni, dada. Kaa kule.”

Fungo hakwenda kule. Alisimama katikati ya uwanja.
“Nimechoka, Kanga. Mara fupi, mara sauti, mara wageni. Mashairi yangu mnayaweka mdomoni, mimi mnaniweka kule. Semeni neno lenyewe. Nanuka.”

“Hatukutaka kukuumiza,” akasema Kanga.
“Mmeniumiza kwa adabu. Bora mngenitukana, ningejua pa kuanzia.”

Akaondoka. Alipofika kwake hakulia, maana hasira haikumpa nafasi. Akakaa nje, akaimba kwa sauti yake ileile nzito:

*Nanuka, nimeshasema,*
*sina la kuficha tena,*
*atakaye kuja hima,*
*nafasi hapa ni pana.*

Majani yakatikisika. Akatokea Nungunungu, miiba imesimama mgongoni.
“Dada, nimekusikia. Nami huambiwa nikae kule, eti nachoma.”
“Na harufu yangu je?”
“Ipo, sitakudanganya. Lakini naweza kukaa.”
Fungo akasogea, akampa nafasi yeye na miiba yake. Wakaimba wawili.

Huko uwanjani wageni wakataka wimbo mpya, na wimbo mpya haukuwapo. Kanga akaja mbio.
“Dada Fungo, turudi. Safari hii utaingia.”
“Siji. Ukitaka kuimba, keti hapa.”
Kanga akavuta pumzi, akakohoa. “Ningekaa, dada, ila miguu yangu...”
“Kanga,” akasema Fungo, “ukikaa, kaa. Ukiondoka, ondoka. Sababu nenda nazo.”

Kanga akakunja miguu, akaketi, machozi yakimtoka kwa harufu, na Fungo akaanza ubeti mwingine.

Ndiyo maana nawaambia: atakayekupokea atakupokea na kasoro yako, na anayependa wimbo wako tu hajakupokea bado. Hadithi imefika kwake, nami naenda kwangu. Na atakayeniuliza kama Fungo hatimaye alioga, huyo hakunisikiliza hata kidogo.