Unywele wa Kwenye Maharage

Aliye na chakula mkononi akiweke chini kwanza, kisha anitegee sikio.

Katika shule ya bweni ya wasichana, kule nyanda za juu kusini, walikuwapo marafiki watatu. Tupokigwe alijaliwa ulimi: punje ya chumvi ikizidi, anajua. Kokusima alijaliwa mikono isiyotetemeka. Bweni zima yeye ndiye aliyewatoboa masikio. Mwanaheri alijaliwa kichwa cha fizikia.

Mchana mmoja Tupokigwe alimeza maharage, akahisi kitu kikijivuta kooni kama uzi. Akakimbia nje, akatapika yote kwenye nyasi. Katikati ya matapishi ulikuwamo unywele.

Mtunza stoo, Bwana Kasyupa, alikuja akatazama, akacheka.

"Nywele za Mama Ndele hizo. Mpishi gani asiyejifunga kitambaa?"

Kufika jioni ikajulikana kwamba Mama Ndele ataachishwa kazi Ijumaa.

"Wanangu, kitambaa sijakivua," mpishi aliwaambia akilia. "Panya wamo stoo. Lakini ufunguo anao Kasyupa, na ameshamwapia Mkuu kwamba ndani ni safi."

Kile kicheko kilimchefua Tupokigwe kuliko unywele wenyewe. Akarudi kwenye nyasi. Nzi walikwisha kutua. Akayapekua matapishi kwa vidole mpaka akaupata. Akauosha, akaufunga kwenye karatasi.

"Kwa macho hatutaujua ni wa nani," alisema Mwanaheri. "Tuupime kwa mwanga. Mwanga ni mawimbi. Ukikutana na kitu chembamba unajipinda pande zake mbili, na mawimbi yakikutana mbele, mahali pengine yanaongezana, pengine yanauana, panabaki giza. Unywele ukiwa mwembamba zaidi, yale mapengo ya giza yanaachana zaidi."

Kesho yake, kazi ya kuuwamba ikawa ya Kokusima. Alichukua ganda la kiberiti lililo wazi pande mbili, lakini unywele ulikuwa bado na mafuta, ukimteleza kila akiuvuta. Mikono miwili haikutosha. Akaubana ncha moja kwa midomo.

"Koku, umetoka tumboni mwangu huo!" Tupokigwe aligeuka ukutani.

Kokusima aliendelea kuubana kwa midomo. Aliugundisha umenyooka kabisa. Wakafunga mapazia ya maabara, wakawasha leza ya mwalimu, kijitochi cha mwanga mwekundu mwembamba. Ukutani ukatokea mstari mwekundu uliokatwakatwa na giza, na kutoka pengo hadi pengo palienea kiganja kizima.

"Bila cha kulinganisha, hili ni pambo tu," alisema Mwanaheri. Akaomba unywele wa Mama Ndele. Mapengo yake yaliachana vidole viwili tu. Kisha akaenda nyuma ya stoo, alikokuwa panya aliyekufa siku tatu nyuma, amevimba, funza wakimtoka machoni. Akamng'oa manyoya kwa mkono mtupu. Alirudi amekunja uso, ananuka, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Unyoya mmoja ulipowekwa mbele ya leza, mapengo yakaenea kiganja kizima.

Akapiga hesabu mara mbili. Unywele wa kwenye maharage haukufika hata nusu ya unene wa ule wa mpishi.

Mkuu wa shule aliitwa, akapima mwenyewe kwa rula. Akasema, "Kasyupa, ufunguo."

Mlango ulipofunguliwa, harufu ya mkojo iliwarudisha nyuma. Ndani ya gunia la maharage, lile lile la kila siku, vitoto vya panya vyekundu visivyo na manyoya vilikuwa vikigaagaa juu ya kinyesi. Tupokigwe aliinama, akatapika mara ya pili. Ijumaa aliyeondoka ni Bwana Kasyupa. Mama Ndele alibaki.

Sasa Mkuu anataka kuwatuza wasichana hao, lakini ana nafasi moja tu ya kambi ya sayansi.

"Bila mimi unywele ungeliwa na nzi," alisema Tupokigwe.

"Na bila mimi msingeona kitu ukutani," alisema Kokusima.

"Mngeona," alisema Mwanaheri, "msingejua mnaona nini."

Mama Ndele alipoulizwa, alisema hawezi kuchagua kati ya wanawe. Fomu ina mstari mmoja wa jina, na Mkuu ameshika kalamu. Haya wenzangu, mngemwambia aandike jina la nani?