Kashata za Mwenye Njia Ndefu

"Usihesabu kashata za mwenye njia ndefu." Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani hivyo asubuhi, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke mjini Tanga akiitwa Mwanaheri. Hakujaliwa mtoto, lakini alimlea Salha, binti wa kaka yake. Kaka huyo alikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha milimani, huko Usambara. Mkewe alifariki mara tu baada ya kumzaa Salha, na kichanga kikalelewa na wanakijiji mpaka kilipoanza kukimbia. Ndipo Mwanaheri alipopanda mlimani kwenda kumchukua. Baadaye mwalimu naye akafariki, na safari za huko zikakoma.

Salha alipopata mchumba, Mwanaheri aliwaambia ndugu zake, "Pilau pikeni ninyi. Meza ya vitamu niachieni mimi."

Siku ya harusi akaipanga ukumbini kwa mikono yake mwenyewe. Akaweka visheti kwenye mabakuli ya kioo, halua, ubuyu mwekundu, na peremende za rangi kwa ajili ya watoto. Katikati akaweka sinia kubwa la kashata za nazi, nyeupe na za waridi, zimepandana kama matofali. Alikuwa na sababu. Jamaa za bwana harusi ni watu wenye uwezo, na ilishamfikia minong'ono kwamba kijana wao anaoa yatima asiye na watu. Alitaka wafike mezani waikute imejaa, wajue kuwa Salha ana kwao. Akasimama pembeni akiilinda meza ile kama mtu alindaye mpunga usiliwe na ndege.

Wageni wakaanza kupita, kila mmoja akichukua kidogo. Kisha akaja bibi mmoja mwenye viatu vya vumbi. Akatandaza ncha ya kanga yake, akaanza kutia kashata, moja baada ya nyingine, bila haraka. Pengo likaonekana kwenye sinia. Nao jamaa za bwana harusi ndio kwanza wanainuka vitini.

Mwanaheri alimsogelea. Hakupaza sauti, lakini maneno yalikuwa na ncha. "Mama, hapa kila mtu anaonja. Hatufungashi. Wenzio hawajapita."

Bibi yule alishtuka kama aliyeamshwa. "Unisamehe, mwanangu. Sikujua." Akafungua kanga yake, akaanza kuzirudisha kashata. Alizirudisha polepole, na kwa kila moja alisema neno, kana kwamba anamwomba radhi yule aliyemchukulia.

"Hii nilimchukulia mzee Shekalaghe. Magoti yamemkataa. Hii ya Mama Hoza, macho yake yamekwisha, akaniambia, nikiionja nitakuwa nimeiona harusi. Hii..."

"Mama Hoza yupi?" Mwanaheri alimkatiza. "Aliyemnyonyesha Salha?"

"Huyo huyo. Alimpa ziwa la kulia, la kushoto akampa mwanawe. Habari ya harusi tuliletewa na wauza mboga. Tulikuwa wengi wa kuja, nauli ikatosha mtu mmoja. Wakasema, nenda wewe, Mama Kaoneka, miguu yako bado inakutii."

Mwanaheri alihisi uso ukimwaka. Hawa ndio watu wa Salha, aliokuwa akiwapangia meza ili waonekane wapo. Akaitazama kanga, akaona imebaki tupu, na hakuna kashata hata moja iliyotajwa kwa jina la huyu aliyesimama mbele yake.

"Na yako, mama, ni ipi?"

Mama Kaoneka alitabasamu. "Mimi si nipo hapa? Mimi nimemwona bibi harusi."

Mwanaheri alivua mtandio wake wa hariri, akautandaza juu ya meza, akamimina humo kashata zote zilizokuwa kwenye sinia. Jamaa za bwana harusi wakawa wameshafika. Mama mkwe wa Salha akauliza, kwa upole lakini kila mtu akisikia, "Bi Mwanaheri, mbona mmoja anabeba sinia zima, na sisi hata kuonja bado?"

Mwanaheri alikuwa akifunga fundo. Akasema bila kuinua macho, "Usihesabu kashata za mwenye njia ndefu, dada. Huyu anakula na kijiji. Wale ndio waliomnyonyesha mkweo."

Mama mkwe alimtazama bibi yule, kisha akaliona fundo. Akachukua sahani ya halua kwa mikono miwili. "Basi na hii iende," akasema. "Waambie imetoka kwa wakwe zao."

Mezani palibaki visheti na peremende, na hakuna aliyelalamika. Lakini kabla Mama Kaoneka hajajitwika mzigo, Mwanaheri alichukua kisheti kimoja, akamlisha kwa mkono wake.

Tangu hapo, mtu akionekana kuchukua zaidi ya fungu lake, watu wa kule Tanga huuliza kwanza ni wangapi wanaomngoja nyumbani. Na hivyo ndivyo mama yenu alivyomjibu jirani leo: usihesabu kashata za mwenye njia ndefu.