Fisi na Chombo Kisichoshindika

Mpo?

Tupo!

Mmekaa?

Tumekaa!

Nidanganye?

Danganya, ila danganya vizuri!

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana majenereta yalikuwepo, Fisi alikuwa na banda la video. Madirisha kayaziba kwa magunia, ndani giza totoro hata saa nane mchana. Picha zilikuwa za kigeni, na Fisi ndiye aliyezitafsiri kwa kipaza sauti. Lugha yenyewe haijui hata chembe! Akiona midomo inacheza, anatunga.

Siku moja kwenye kitambaa cha picha kikatokea chombo cha anga cha maadui. Kikubwa, mama yangu! Ngurrr! Fisi akaona wanyama wanavyotetemeka, mate yakamjaa.

"Chombo hiki ni cha kweli," akasema. "Kinakunywa mto kwa funda moja. Kinaona hadi ndani ya mlima. Risasi haikipenyi. Siku msipokiona kwenye kitambaa, jueni kimetoka! Kina njaa. Leteni chakula, mimi nitakifikishia."

Kanga akaleta mayai. Chombo kikala, kikasema bado. Paka akaleta samaki. Chombo kikala, kikasema bado. Mbuzi akaleta maziwa. Chombo kikanywa, kikasema bado. Na tumbo la Fisi likazidi kutuna.

Siku ya siku Fisi akatangaza, "Leo kinamtaka Kidawa."

Mama Pimbi akasimama. Kidawa ndiye mwanawe wa pekee. Akamtazama Fisi usoni, akamtazama tumboni, hasira ikampanda. Lakini sauti akailainisha.

"Nitamleta, kaka Fisi. Ila niambie, kina nguvu kweli?"

"Zaidi ya nguvu!"

"Kinaona ndani ya mlima?"

"Kinaona!"

"Na ndani ya tumbo la mtu?"

Fisi kwa kupenda sifa, apunguze wapi! "Hata ndani ya tumbo!"

"Na aliyekula chakula chake?"

"Kinamfanya majivu!"

"Uwii!" wanyama wakaguna. Fisi naye akajishika tumbo. Maana kwa kutunga kila siku, siku hizi hata yeye akisikia ngurumo anachungulia juu.

"Basi ngoja nimfuate mtoto," akasema Mama Pimbi, akatoka.

Nyuma ya banda jenereta linaunguruma, dududududu. Akalizima. Kimya! Kitambaa kikawa cheusi, banda zima giza.

"Hakionekani! Kimetoka!" Kanga akapiga yowe.

Mama Pimbi akatumbukiza kichwa kwenye debe tupu. "NANI KALA MAYAI YANGU?"

"Si mimi!" akalia Fisi.

"NAONA NDANI YA TUMBO!"

"Basi ni mimi! Mayai mimi, samaki mimi, maziwa mimi! Nisamehe, baba chombo!" Akaruka dirishani, gunia charrr! akatokomea porini, na mpaka leo hajarudi.

Mwanga ukaingia. Mama Pimbi akamkimbilia mwanawe nyumbani, akamkumbatia, akacheka, akalia, akacheka tena. "Mama, unanibana," akasema Kidawa. Akazidi kumbana.

Wakarudi wote bandani, gunia likashonwa, jenereta likawashwa. Sasa kipaza sauti anacho Mama Pimbi, na mtoto kalala mapajani. Kwenye picha steringi, yule shujaa mwenyewe, akaja na kindege chake, kidogo kama punje ya mtama. Akapiga risasi moja tu, tii! Chombo chote kikalipuka, buuuu!

Kanga akasimama kwa hasira. "Aka! Uongo mtupu! Dude lote lile linashindwaje na kitu kidogo hivyo?"

"Haiwezekani!" wakadakia wenzake.

Mama Pimbi akawatazama, akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Hata mimi sijaamini," akasema.

Funzo lake, wajukuu zangu: mkiwa wadogo msijaribu kumshinda mkubwa, hayo ni mambo ya kwenye picha. Na anayetafsiri msimsumbue kwa maswali.

Mimi nimetua mzigo wangu. Anayebisha akamuulize Fisi, akimpata.