Rupia ya Chini ya Kizingiti

Sogeeni. Kisa changu hakina shujaa. Kina wajuaji watatu, na nikimaliza kila mmoja wenu atanitajia aliyewashinda wenzake kwa upumbavu.

Pangani aliishi Bi Mashavu, mjane aliyeingiwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na wanawe watatu. Hemedi, mwashi, alijaliwa mkono: angeweza kutoa yai ndani ya ukuta lisipate ufa. Shauri alijaliwa mdomo, na mdomo huo ndio uliomlisha. Kibibi, mshonaji, alijaliwa jicho la kuona kasoro ya uzi kabla nguo haijavaliwa. Kasoro za kaka zake aliziona vizuri zaidi. Alimwita Hemedi gogo, akamwita Shauri debe, na akiwasikia wakiongea alisonya.

Daktari alipotaja gharama ya upasuaji, Bi Mashavu akasema, "Baba mkwe alizika rupia ya fedha chini ya kizingiti siku nyumba hii ilipoanza kujengwa, iwe baraka. Itoeni, wanangu, nipate kuona."

Hemedi akapiga magoti na patasi yake. Akaichokonoa chokaa punje kwa punje mpaka rupia ikatoka bila mkwaruzo hata mmoja.

Hemedi huyo huyo alitaka kuipeleka kwa sonara iyeyushwe. Kibibi akampokonya. Aliona manyoya ya tai juu ya kofia ya mfalme wa Kijerumani aliyechorwa kwenye rupia bado yanahesabika, na weusi mwembamba uliotanda juu yake ukiwa haujaguswa. "Weusi huu ndio mali yenyewe, gogo wewe," alisema moyoni. Kwa sauti alisema tu, "Haiyeyushwi."

Shauri akaipiga picha, akampigia simu Bwana Somji, mnunuzi wa sarafu wa Tanga mjini, akamsifia rupia na kumweleza macho ya mama hata yule mtu akachoka. Bwana Somji akajibu, "Si kila sarafu hupelekwa kwa wapimaji wa ng'ambo waipe alama za ubora. Ada yao ni kubwa, na alama zikiwa ndogo umetupa pesa. Lakini hii, ikiwa kama ilivyo pichani, inafaa. Ada nitalipa mimi, na nitawapa pesa ya kutosha upasuaji wa macho yote mawili. Nakuja Ijumaa."

Basi wakaanza kuchungana. Hemedi hakuwaamini wenzake, akaitia rupia mkononi mwa mama yake. Shauri akamwambia mama, "Anakuja mtu mkubwa. Tusiaibike mbele yake." Kibibi aliyasikia hayo, na alijua sarafu ya namna ile haioshwi. Lakini amweleze nani? Gogo? Debe? Akaendelea kushona.

Ijumaa Bwana Somji akaketi barazani. Bi Mashavu akatoka akipapasa ukuta, kashika kisahani chenye kitambaa cheupe. Katika nyumba ile mgeni hakupewa kitu kichafu, si kikombe, si kijiko. Rupia ilikuwa imesuguliwa kwa jivu na ndimu, inang'aa kama sufuria ya harusi.

Bwana Somji aliigeuza mara moja tu. "Mmeiua," akasema. "Wapimaji wataandika kwamba imesuguliwa. Haifai hata nauli ya kuipeleka. Mpeni sonara."

Kibibi akamgeukia Hemedi, Hemedi akamgeukia Shauri, matusi yakaanza. Kila mmoja alikuwa na mali ya kutosha upasuaji: Hemedi pikipiki, Shauri kiwanja, Kibibi cherehani zake mbili. Hakuna aliyetaja mali yake; kila mmoja alitaja ya wenzake.

Bi Mashavu akawasikiliza mpaka wakakosa pumzi. Kibibi akasema, "Basi tuchange, mama, sawa kwa sawa."

"Mchango wa watu wanaodharauliana siutaki," akajibu. "Utanifika pamoja na masimango yake. Aliyeniharibia zaidi auze chake peke yake, kisha anyamaze. Mimi sikuona nilichokuwa nasugua. Nyinyi mlikuwa na macho."

Kibibi alitaka kusonya. Sonyo halikutoka.

Mpaka leo Bi Mashavu anapapasa ukuta, na wale watatu bado wananyoosheana vidole. Mmoja alimpa mama rupia, mmoja akampa sababu ya kuisugua, mmoja alijua akafunga mdomo. Auze nani: pikipiki, kiwanja, au cherehani? Je, wewe ungeamua vipi? Na ujibu upesi, maana macho yale hayasubiri.