Ufunguo wa Karakana ya Bodi

Nipeni masikio, nami niwape fumbo linaloniumiza kichwa.

Huko Rungwe, kwenye paini na ukungu usioisha, Mama Tulibako alikuwa na karakana ya kutengeneza bodi, yaani mbao bapa za nyuzi za mti zilizobanwa. Mafundi wake walikuwa watatu. Sekela alijua ukavu kwa kiganja: akizishika nyuzi, anajua zimekauka au bado. Zabroni alijua dawa, tindikali inayonuka kama siki kali, ya kuzifanya nyuzi zikatae maji. Anyosisye alijua kuosha na kubana: akizitia gundi na joto, inatoka bodi.

Lakini bodi zao zilikunywa ukungu, zikavimba kama maandazi. Milango ya zahanati iliyotengenezwa kwa bodi hizo ikagoma kufungwa, ikarudishwa yote.

"Mkishindwa tena nafunga," alisema Mama Tulibako. "Ila atakayenipa bodi isiyovimba, namwachia ufunguo, karakana iwe yake. Mimi nimechoka."

Sekela akakausha nyuzi mpaka zikalia kiganjani kama majani makavu, maana zikibaki na unyevu, dawa huishia kwenye maji hayo.

Zabroni akazilowesha dawani ndani ya pipa, akalitenga juu ya makaa. Siku zote aliziepua upesi. Safari hii yowe likapigwa: jirani yao, Mzee Mwakalinga, amefariki. Kwao msiba hausubiri kazi. Wakakimbia wote, pipa likabaki pale mpaka maziko yakaisha.

Waliporudi, Anyosisye akaziosha nyuzi hadi harufu ya siki ikapotea, akazibana.

Bodi ikalazwa kwenye beseni la maji. Asubuhi wakaipima: haikuvimba hata kidogo!

"Bila kiganja changu, dawa ingeenda bure," alisema Sekela.

"Bila dawa yangu, dada, ungekuwa umekausha kuni," Zabroni akamcheka.

"Na bila mimi mngebaki na uji wa siki," akasema Anyosisye. "Halafu wewe Zabroni, kilichokusaidia ni kusahau pipa!"

"Basi ufunguo apewe marehemu!" Sekela akadakia.

Wakacheka. Mama Tulibako hakucheka. Akaunyoosha ufunguo kwa Sekela, akaurudisha. Akamgeukia Zabroni, akasita. Akamtazama Anyosisye, akashusha pumzi.

"Jamani," alisema, "mbona kila ninayemtazama ndiye?"

Mkono wake bado uko hewani. Karakana imefungwa mpaka ufunguo upate mwenyewe, mvua inakuja, na wagonjwa wa zahanati wanalala milango wazi. Nami nimewaza mpaka nimechanganyikiwa.

Haya, ndugu zangu: ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, mngeuweka kiganjani mwa nani?