Pua ya Mwavita na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi asiumalize sasa hivi, kwa sababu nitauhitaji mwishoni.

Katika kijiji cha Rukobe, kule wanakopika mawese, waliishi wanawake watatu walioolewa na ndugu watatu wa tumbo moja. Ua wao ulikuwa mmoja, kisima kimoja, na mama mkwe mmoja, Bi Kashindi. Kila mmoja wao alikuwa na kipawa chake.

Tausi, mke wa mkubwa, alikuwa na mikono. Mtoto aliyelia kutwa nzima alinyamaza Tausi akimpakata, na mgonjwa aliyekataa chakula cha kila mtu alikipokea kwake. Siwema, mke wa mdogo, alikuwa na ulimi. Angeweza kumwomba bahili shati alilovaa, na bahili akamvulia huku akishukuru. Mwavita, mke wa katikati, alikuwa na pua. Mawese yalipochemka kwenye pipa, wanawake wote walisubiri kauli yake, maana maji yakibaki ndani mafuta huchacha, na moto ukizidi huungua. Mwavita aliinama juu ya mvuke, akafumba macho, kisha akasema, "Epueni." Hakuwahi kukosea.

Sasa, Tausi aliitwa Mama Hamza, kwa kuwa alikuwa na wavulana, wavulana watupu. Siwema aliitwa Mama Ramla, kwa kuwa alikuwa na mabinti, na wote walibeba majina ya upande wa mume. Mwavita aliitwa Mwavita. Hakuwa na mtoto. Kila mtu alipoita "Mama Hamza!" pale uani, yeye aliendelea kuchambua chikichi zake kana kwamba hakusikia.

Wifi yao Hidaya alirudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, na kipimo kilikuwa kimeshasema ni binti. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba binti hupewa jina la mwanamke aliyemvusha salama kuja duniani. Mwanamke huyo huwa somo wake, na somo pale Rukobe si jina tu. Mtoto akiacha ziwa huhamia kwa somo wake, hulala kitandani pake, na watu humhesabu kuwa mwanawe. Basi mnajua Mwavita alikuwa akitazama nini kila alipotazama tumbo la wifi yake. Kila asubuhi alimsugua miguu kwa mawese mapya, na roho yake ilitulia.

Wakati huo ndipo Nesi Yusta wa zahanati alipoitisha mkutano. Alisema ule ugonjwa wa kifua uliowahi kuwasumbua unarudi katika vijiji vya jirani, kirusi chake kimebadilika, na ile chanjo ya zamani imeanza kupungua nguvu mwilini. Ipo dozi ya nyongeza. Hailazimishwi, kila mtu aamue, ila wajawazito na wazee wasichelewe.

Weee! Kijiji kiligawanyika kuliko wakati wa uchaguzi. Huyu aliuliza kwa nini aongezwe kitu alichokwisha pewa. Yule akajibu kwamba hata shamba hupaliliwa zaidi ya mara moja. Mwingine akasema mwili ni wake, na mwenzake akamuuliza kama na kikohozi chake atakaa nacho peke yake.

Mwavita hakuwa na neno. Siku ya chanjo alipanga foleni kama wenzake, mkono wa gauni ameshaukunja. Mbele yake alikuwa Tausi. Tausi alipochomwa wa kwanza, watu walipiga makofi, naye akageuka na kusema kwa sauti, "Mmeona? Waoga na wajinga ndio waliobaki." Makofi yakazidi. Bi Kashindi mwenyewe akapiga kigelegele.

Mwavita akaushusha mkono wa gauni.

"Vipi, Mwavita?" Nesi Yusta aliuliza.

"Mwili ni wangu, nesi. Nimeghairi."

Hakuogopa sindano, wala hakuwa na shaka na dawa. Alikuwa na kijiba cha roho tu, asingechomwa nyuma ya makofi ya Tausi. Lakini nani angesema hivyo hadharani? Waliokuwa na woga wao wakamzunguka wakamsifu kwa msimamo, na yeye, aliyekuwa hajasifiwa kwa lolote zaidi ya pua, akanogewa. Baada ya muda alikuwa na sababu nyingi za kukataa, na zote alizipata baada ya kukataa.

Siwema yeye hakukubali wala hakukataa. "Nitachoma kesho," alisema, na kesho yake akasema vilevile.

Hidaya aliwauliza mawifi zake. Tausi akamwambia, "Nenda leo, usisikilize washamba." Mwavita akamwambia, "Ngoja kwanza ujifungue." Siwema akamwambia, "Twende wote kesho." Hidaya akangoja.

Haukupita muda mrefu, Mwavita akaanza kukohoa kidogo. Alisema ni moshi wa kuni. Siku moja mawese yalikuwa yakichemka, wanawake wamelizunguka pipa, naye akainama kama kawaida yake na kufumba macho. Alivuta pumzi na hakusikia harufu yoyote. Akavuta tena. Hewa iliingia tupu, kama anavuta hewa ya chumba kisicho na mtu.

"Mwavita, tuepue?" mmoja aliuliza.

"Bado," akasema, akitumaini harufu itakuja.

"Mwavita, yanaungua hayo!"

Moshi mweusi ulikuwa umeshapanda. Pipa zima liliharibika, kazi ya mikono ya wanawake wote wale. Wakamtazama. Tausi naye alimtazama, na Mwavita aliona, au alidhani ameona, tabasamu pembeni mwa mdomo wake.

Angeweza kusema mawazo yalikuwa mbali. Wangemsamehe, pua ingebaki na sifa yake, na waliokuwa wakimsifu kwa msimamo wangeendelea kumsifu. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Ndipo akakumbuka miguu ya Hidaya aliyoisugua asubuhi ile, na jinsi alivyokohoa akiwa ameinama karibu na magoti yake.

"Sisikii harufu," alisema. "Sisikii chochote kabisa. Ule ugonjwa uko hapa, na mimi ninao. Mwiteni nesi aende kwa Hidaya sasa hivi."

Waliokuwa wamesimama karibu naye walirudi nyuma, na wa kwanza kurudi walikuwa wale waliomsifu. Nesi Yusta alimkuta Hidaya ameketi anasuka ukili, analalamika uchovu tu. Alipompima akakuta ameshaambukizwa na hewa imeanza kumpungukia mwilini bila yeye kujua. "Mngengoja mpaka aanze kuhema ndipo mniite," nesi alisema, "mimi nisingekuwa na la kufanya." Hayo ndiyo aliyoyatenda Mwavita.

Hidaya akawekwa katika chumba cha peke yake pale zahanati. Nesi alikuwa mmoja na wagonjwa walianza kuwa wengi, akauliza nani ataingia kumhudumia. Watu wakatazama chini. Tausi akajifunga kanga kiunoni.

"Mama Hamza," nesi alimwonya, "dozi ile inakupunguzia hatari, haikufanyi uwe chuma. Na una watoto."

"Watoto wana baba yao. Nipe barakoa."

Akaingia. Alimgeuza Hidaya ubavu huu na ubavu ule, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamkanda mgongo alipokata tamaa. Hidaya aliposema, "Wifi, niache nipumzike, nimechoka kuvuta pumzi," Tausi alimkaripia, kisha akamshika mikono na kuvuta pumzi pamoja naye, moja baada ya nyingine, mpaka akatulia. Hayo ndiyo aliyoyatenda Tausi.

Lakini mikono haigeuki hewa. Mtungi wa oksijeni wa zahanati ulikuwa unakaribia kwisha, na mvua ilikuwa imeondoa daraja. Gari lililoleta mtungi mwingine lilisimama ng'ambo, na vijana wa kule waliposikia ni mtungi wa Rukobe wakasema hawakanyagi huko kwenye ugonjwa. Siwema alishuka mpaka ukingoni, akapaza sauti juu ya kelele za maji. Aliwauliza majina. Akawauliza mama zao. Akamtania mmoja mwenye kofia nyekundu kwamba wenzake wanaogopa lakini yeye miguu yake imeshaanza kushuka yenyewe. Wakacheka. Akawaambia wasifike kijijini, wafike katikati ya maji tu, naye atakutana nao hapo. Akaingia majini na gauni lake, maji yakamfika kifuani, na wale vijana, kwa aibu au kwa huruma, wakauinua mtungi mabegani wakamfuata. Mtungi ulifika zahanati ule wa kwanza ukitoa pumzi zake za mwisho. Hayo ndiyo aliyoyatenda Siwema.

Na Mwavita? Alikuwa amejifungia kwenye ghala la chikichi, asimwambukize mtu. Ukuta wa ghala ulikuwa na tundu, na kupitia hapo aliuona mlango wa zahanati. Alimwona Tausi akitoka kuanika vitambaa, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, na alimwonea wivu hata ule uchovu. Alimwona Siwema akipita amelowa, watu wakimfunika kanga, akaionea wivu ile baridi. Alimwombea Hidaya apone, kweli alimwombea. Lakini ndani ya dua ileile kulikuwa na sauti nyingine ikinong'ona: si kwa mikono ya Tausi, jamani, si kwa mikono ya Tausi.

Hidaya akajifungua salama, na mtoto akalia. Wanawake walipiga vigelegele wakaita, "Tausi! Siwema! Tausi!" Mwavita alisikiliza hadi sauti ya mwisho iliponyamaza. Jina lake halikuitwa.

Siku ya kumnyoa mtoto nywele na kumpa jina, wote walikuwa wamepona, wakakutana uani. Mtoto alipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyempokea alizamisha pua katika utosi wake na kusema, "Ah, harufu ya mtoto mchanga!" Alipofika kwa Mwavita, naye akainamisha uso. Hakusikia kitu. Pua ilikuwa bado haijarudi, na nesi hakumwahidi kwamba itarudi. Akampokeza mwingine haraka, watu wasione machozi.

Hidaya akasema, "Mawifi zangu, semeni wenyewe. Mtoto aitwe nani?"

"Mimi nina wavulana watupu," Tausi alisema. "Hakuna atakayebeba jina langu. Na nilikuwa ndani pamoja nawe wakati wengine wamejifungia."

"Na ungempa nini bila mtungi?" Siwema akauliza. "Mikono? Mabinti zangu wote wana majina ya watu. Hili moja naomba liwe langu."

Mwavita alisimama. "Sitawadanganya, nina wivu. Nimekuwa nao tangu nilipoingia nyumba hii. Mama Hamza, sikukataa chanjo kwa sababu ya chanjo, nilikataa kwa sababu yako. Lakini siku ya pipa ningeweza kunyamaza, na nisingejulikana. Nilisema, na nimebaki bila pua. Nyie mmerudi na kila mlichoondoka nacho."

"Ulisema ugonjwa upo," Tausi alijibu. "Na aliyeuleta ni nani?"

"Sijui. Labda mimi. Labda mtu wa mnadani. Lakini nawe ulituita wajinga mbele ya watu, na baada ya hapo nani angekufuata kwenye sindano?"

"Na mimi nilimwambia kesho," Siwema alisema polepole, kama mtu anayejisemea.

"Basi jamani," Hidaya alisema. "Mmoja aliniambia nenda, mmoja aliniambia ngoja, mmoja aliniambia kesho. Mkono wa kuchomwa ulikuwa wangu, na aliyengoja ni mimi. Nisiwasingizie. Lakini ninajua pia kwamba mmoja wenu asingekuwepo, leo mngekuwa mnafanya jambo jingine hapa uani."

Bi Kashindi alikuwa ameshamlaza mtoto mapajani, wembe mkononi, na kwa desturi yao jina lazima litamkwe kabla unywele wa kwanza haujaanguka. Alimtazama Tausi, akamtazama Siwema, akamtazama Mwavita. Mwavita alikuwa amefumba macho, kama afanyavyo juu ya pipa, anasubiri.

Haya, sasa utoeni ule ubishi wenu. Yuko aliyeukubali ushauri mapema na akawadharau wenzake, kisha akaingia kwa mgonjwa. Yuko aliyeahirisha kila siku, kisha akaingia majini bila kuahirisha. Na yuko aliyekataa kwa wivu, akasema kweli kwa hasara, na bado ana wivu. Nyumbani kwa mmoja wao kuna kitanda ambacho hakijawahi kulaliwa na mtoto, lakini hilo ni deni la Hidaya?

Mtoto ameanza kulia, na Bi Kashindi hawezi kushika wembe mpaka jioni. Je, wewe ungemwambia atamke jina gani?