Fisi Aliyefungiwa na Muhuri Wake

Nitoe?
Toa tukuone.
Na asiyeamini?
Ajitokeze.

Basi jitokeze, wewe uliyekunja uso. Shule niliiacha mapema, lakini hili darasani hukufundishwa.

Katika msitu mmoja kila pango lilikuwa na simu, na Fisi alikuwa na mashine ya muhuri. Mashine hiyo ndiyo iliyoshikilia kufuli ya kila simu. Programu bila muhuri haifunguki. Ukitaka muhuri, leta paja la nyama. Ngo, anagonga. Ukirekebisha herufi moja, leta paja jingine. Ngo.

Pimbi, kale kafupi kasiko na mkia, akatengeneza programu ya kulia kwii-kwii Chui akinyemelea. Chui huyo alikuwa akiwamaliza wanawe. Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyama iko wapi?"

"Sisi tunakula majani, mzee."

"Watoto je?"

"Wamebaki wawili."

"Mmoja atatosha."

"Sawa, mzee. Ila huko mtoni wanakusema. Eti muhuri wako unaogopa wakubwa, programu zao zinapita bure."

"Nani mkubwa kuliko mimi? Tazama." Fisi akaiamuru mashine: isiyo na muhuri isifunguke, hata iwe ya nani. Akagonga. Ngo.

Mashine ikalia tii, ikazima.

Maana mashine nayo ilikuwa programu, na muhuri haikuwa nao.

"Ipigie muhuri, mzee," Pimbi akasema kwa adabu.

"Nitaupigaje na imejifunga?"

"Ifungue."

"Nitaifunguaje na haina muhuri?"

"Labda ilitaka paja."

Bila mashine ya kuzishikilia, kufuli za msitu mzima zikaachia, ka-ka-ka-ka, bonde hadi bonde. Kisha kwii-kwii, ambayo Pimbi alikuwa ameshaisambaza, ikalia kutoka kila pango, na Chui, aliyekuwa ameshajikunja kuruka, akatimua vumbi. Jamani, Tembo alikaa chini kama mtoto. Nyani waliacha kujikuna. Hata mimi, nisiyeshangazwa na kitu, mdomo ulibaki wazi mpaka nzi akaingia.

Funzo: waheshimuni wenye mihuri, toeni mapema, msiulize.

Hadithi nimeitua hapo, mwenye bega aibebe.

Ngojeni. Kuna kipande nilikiruka. Simu yangu siku hizi haifunguki bila muhuri wa Pimbi. Nyama hataki, anataka majani tu. Ndiyo maana mmeniona nikija na mundu.